Joto Likipanda: Namna ya Kudhibiti Jiko la Moshi la Umeme

Jiko la moshi la umeme humpunguzia mchuuzi wa samaki kazi ya kusaka kuni na kukesha kando ya pipa akichochea moto. Anapanga samaki kwenye nyavu, anajaza maranda kwenye trei, anageuza swichi, na koili inaanza kupata joto. Matatizo huanza anapotaka kuwahi soko na kupandisha joto hadi mwisho tangu mwanzo. Ngozi ya samaki hugeuka rangi ya hudhurungi upesi, ilhali nyama iliyo karibu na mfupa bado ni mbichi. Mlaji anaweza kuugua, na mchuuzi akapoteza bidhaa na mteja kwa siku moja.

Joto kali lina kazi yake katika jiko hili, lakini kazi hiyo huja mwishoni.

Kwa nini haraka huharibu

Samaki mbichi ana maji mengi. Akipigwa na joto kali ghafla, nyama ya juu hukauka na kuwa gumu, na maji ya ndani hukosa njia ya kutoka. Samaki hupasuka au huvunjika na kuanguka kutoka kwenye wavu. Mbuta mkubwa huwa na mafuta mengi, na mafuta hayo hudondokea koili na kutoa moshi mweusi, mchungu.

Moshi huo pia una madhara kwa afya. Mafuta yanapoungua, au mbao zinapoungua kwa joto kali mno, hutokea kemikali ambazo hushika kwenye chakula. Mojawapo ni benzopirini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Hatua tatu za joto

Kwa samaki wa wastani, kama ngege aliyepasuliwa na kusafishwa, joto hupandishwa kwa hatua:

1. Nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi kwa takriban nusu saa, tundu la hewa likiwa wazi. Ngozi hukauka na kuwa tayari kushika moshi.
2. Nyuzi 50 hivi kwa nusu saa hadi dakika 45. Hapa ndipo maranda hutiwa na moshi hushika.
3. Nyuzi 80 au zaidi kidogo hadi samaki aive kabisa. Kwa kawaida hatua hii huchukua saa moja au zaidi, kulingana na unene wa samaki.

Hatua mbili za kwanza hazifai kurefushwa, kwa sababu bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Samaki mnene akatwe vipande vinavyolingana, na nafasi iachwe kati ya kipande na kipande ili joto lipite.

Kuku ni tofauti. Akipikwa kwa joto dogo, ngozi yake hubaki kama mpira. Kwa hivyo jiko huwekwa nyuzi 120 hadi 135 ikiwa linaweza kufika huko. Bakuli la maji lililo ndani huachwa tupu, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke hula joto na kulizuia jiko kupanda.

Pima samaki, usitegemee jiko pekee

Namba inayoonekana mlangoni ni joto la hewa ya ndani, tena mahali palipo na kifaa cha kupimia tu. Kipimajoto chenye sindano kichomekwe sehemu nene zaidi ya samaki bila kugusa mfupa. Mwongozo unaotumika Marekani kwa samaki wa moshi ni nyuzi 63 katikati ya nyama kwa muda usiopungua dakika 30. Kuku afike nyuzi 74.

Kipimajoto chenyewe kinaweza kukosea, na ni rahisi kukijaribu kwa maji yanayochemka. Mombasa kinapaswa kusoma nyuzi 100. Kisumu, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 96. Anayeona 100 huko Kisumu ajue kipimajoto chake kinazidisha, na samaki anayedhaniwa ameiva huenda bado.

Joto likipita kiasi

Koili hubaki na moto hata baada ya kuzimika. Kwa hiyo swichi ishushwe mapema, joto linapokaribia kiwango kinachotakiwa. Kufungua mlango kila mara hakusaidii: joto hutoroka, na koili huwaka tena kwa nguvu ili kulirudisha.

Maranda yakishika moto, hewa ya mlangoni huuchochea. Umeme uzimwe, matundu yafungwe na mlango uachwe hivyo hivyo hadi moto ufe. Maji yasimwagwe kamwe juu ya mafuta yanayowaka wala kwenye kifaa cha umeme. Ili kuepuka hali hiyo, maranda yatiwe kidogo kidogo na trei ya mafuta isafishwe kila baada ya kazi. Mbao za mwembe au mpera zinafaa. Plaiwudi, mbao zilizopakwa rangi au dawa, na mbao zenye utomvu kama saiprasi hazifai.

Jiko lisilopanda joto

Mara nyingine kasoro iko kwenye umeme. Umeme wa volti 240 ukishuka hadi 200, jiko la wati 1,000 hubaki na nguvu ya karibu wati 700. Ekstensheni ndefu na nyembamba hupunguza nguvu vilevile, na yenyewe inaweza kupata moto na kuungua, hasa ikiwa imekunjwa. Ni heri jiko lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi yenye waya wa ardhi, iliyowekwa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Jiko likae nje, penye paa na pasipo maji, kwa kuwa gesi ya moshi inaweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa.

Baada ya kuiva

Samaki wa jiko hili hubaki na unyevu kuliko yule aliyekaushwa kwa siku kadhaa juu ya kuni, kwa hivyo hakai muda mrefu bila kuharibika. Apoe kabla ya kufungwa, kisha awekwe kwenye jokofu au barafu. Akifungwa akiwa moto, hutoa jasho na kuota ukungu.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni kwa biashara za kuuza chakula ni jukumu la kaunti. Anayetaka kuuza samaki au kuku wa moshi amwone afisa wa afya ya umma katika eneo lake kabla ya kuanza. Maswali kuhusu ukaushaji wa samaki hupokelewa pia katika ofisi za uvuvi.