Baluku yupi aliyeimba wimbo huu?

Kwenye vibanda vya nyimbo vilivyo kando ya barabara ya Kasese kwenda Bwera, na hadi Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo, mteja humkabidhi kijana wa kompyuta flashi au memori kadi na kuondoka na nyimbo za kanisa, za arusi, za Congo na za Kikonzo. Akifika nyumbani akafungua, orodha inamwambia: "Track 01", "AUD-WA0007", "Baluku mpya", "Baluku mpya 2".

Wakonzo huwapa watoto majina kwa mfuatano wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Jirani hachanganyikiwi, kwa sababu anajua Baluku ni wa nani na anakaa kilima gani. Kompyuta haijui. Ikipanga nyimbo kwa jina la mwimbaji, inawakusanya akina Baluku wote na kuwafanya mtu mmoja.

Vuka mto Lhubiriha uingie Kasindi, ukaendelee hadi Beni na Butembo, nako Wanande, ndugu za Wakonzo, wanaandika Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Biira anakuwa Kavira. Mwimbaji aliyerekodi pande zote mbili za mpaka anagawanyika kuwa wawili. Hata lugha yenyewe ya Kikonzo huandikwa Lhukonzo, Lukonzo au Lukonjo, na ukitafuta kwa tahajia moja, zilizoandikwa kwa nyingine hazitokei.

Zana zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Lebo ya kwanza ya faili za MP3, iliyobuniwa na Eric Kemp mwaka 1996, ilikuwa na baiti 128 tu, na jina la mwimbaji likapewa nafasi ya herufi 30. Kwaya ikijiita "Kwaya ya Kanisa Kuu la Dayosisi ya Rwenzori Kusini", lebo hiyo inaishia "Kwaya ya Kanisa Kuu la Dayosis", na msikilizaji hatajua ni dayosisi gani. Aina za muziki zilikuwa 80. Polka imo. Endara, marimba kubwa inayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja, haimo; wala eluma, filimbi ambazo kila mpulizaji hushika sauti yake na wimbo ukajengwa kwa kupokezana. Toleo la mwaka 1998 liliondoa ufinyu huo, lakini jina lililokwisha kukatwa halirudi lenyewe. Lazima mtu aliandike upya.

Kati ya 1949 na 1954 Klaus Wachsmann, aliyekuwa akisimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi akirekodi ngoma na nyimbo. Rekodi zake zilihifadhiwa London, na nakala zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye hifadhi iliyopewa jina lake. Zinatumika hadi leo kwa sababu sauti ziliambatana na maandishi: mahali, tarehe, kabila, ala. Leo simu ya mfukoni inarekodi vizuri kuliko mitambo ile mizito, lakini wimbo uliopigwa mwaka jana Kyarumba au Karambi unatufikia bila jina la mpigaji. Inauma kuona tumepata vyombo bora tukaacha kuandika.

Na hili linagusa riziki. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na chama cha UPRS cha kukusanya mirabaha kipo tangu 1985. Redio ikicheza "Baluku mpya 2", malipo yataandikwa kwa nani?

Dawa inaanza na daftari. Kila mwimbaji apewe namba yake isiyobadilika, jina lake kamili, kijiji chake, na tahajia zote anazoandikwa, bila kufuta hata moja. Ndivyo mradi wa MusicBrainz unavyofanya tangu mwaka 2000: kila msanii ana kitambulisho chake hata akifanana jina na wengine mia. Programu ya Picard, na ile ya Mp3tag kwenye Windows, hupatikana bure, na zinarekebisha lebo za faili nyingi kwa mara moja. Lakini usiziachie zikuchagulie majina. Picard hutambua tu nyimbo ambazo mtu ameshaziingiza kwenye hazina yake, na wimbo wa Kikonzo mara nyingi haumo. Jina la kubahatisha ni baya kuliko pengo, kwa kuwa pengo humfanya mtu aulize.

Weka pia nakala mahali pengine. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu hata hospitali ya Kilembe. Maktaba ya nyimbo ya Kasese iwe na nakala Bwera, na ya Bwera iwe na nakala Kasese.

Wenye vibanda, watangazaji na viongozi wa kwaya, wazee wanaowajua waimbaji hawa kwa sauti wangali hai. Wapelekeeni hizo "Track 01" wasikilize, waulizeni ni nani huyo na ni mwana wa nani, na majibu yao yaandikeni siku hiyohiyo.