Baiskeli ya Gia Moja: Tuiunde Vizuri, Tuitumie Pamoja

Baiskeli ni msaidizi mkubwa wa mkulima. Inabeba gunia la mahindi kwenda mashineni. Inabeba madumu ya maji. Inampeleka mgonjwa zahanati na mama sokoni. Haili majani, wala hainywi petroli.

Lakini baiskeli mbovu ni hatari. Inaweza kumvunja mtu mguu mteremkoni. Kwa hiyo mwezi huu tutajifunza mambo matatu. Kwanza, jinsi ya kuunda baiskeli ya gia moja kutokana na vipande vya zamani. Pili, kwa nini tusichomelee friwili. Tatu, jinsi kikundi kinavyoweza kuwa na baiskeli moja bila ugomvi.

GIA MOJA INATOSHA

Baiskeli nyingi tulizozizoea vijijini zina gia moja tu. Ndivyo zilivyo Phoenix za Uchina, Hero za India na Raleigh nyeusi za Uingereza. Ni nzito, lakini ni imara, na kila fundi anazijua.

Baiskeli hizi zimefanya kazi kubwa. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walianza kubeba abiria kwa baiskeli katika miaka ya 1960. Waliwavusha kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Hapo ndipo lilipotoka neno bodaboda. Siku hizi bodaboda nyingi ni pikipiki, lakini mwanzo wake ni baiskeli yenye karia imara na mto wa kukalia.

Siku hizi zinaletwa pia baiskeli za mtumba zenye gia nyingi. Ni nyepesi na zinapendeza. Lakini kibadilisha gia chake hakipendi vumbi na tope. Kikipinda, mnyororo unaruka ovyo. Vipuri vyake ni vigumu kupata kijijini. Basi baiskeli inawekwa nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake.

Ndugu msomaji, baiskeli kama hiyo haijafa. Fundi anaweza kuigeuza kuwa ya gia moja.

JINSI YA KUIGEUZA

1. Kagua fremu. Futa vumbi na uangalie kila kiungo. Ukiona ufa, usiitumie fremu hiyo. Rangi mpya inaweza kuficha ufa, kwa hiyo angalia kwa makini.

2. Angalia mahali gurudumu la nyuma linapofungwa. Tundu likiwa refu, gurudumu linaweza kuvutwa nyuma ili kukaza mnyororo. Fremu ya namna hiyo inafaa sana. Tundu likiwa limesimama wima, gurudumu halivutiki. Hapo utahitaji kikaza mnyororo.

3. Ondoa kibadilisha gia, waya zake na vishikio vyake vya kwenye usukani. Usiondoe waya za breki!

4. Funga friwili ya gia moja. Katika habu nyingi za zamani, friwili huingia kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Unapokanyaga pedeli, friwili inajikaza yenyewe. Ndiyo maana ni ngumu kuifungua bila kifaa chake.

5. Nyoosha mstari wa mnyororo. Simama nyuma ya baiskeli, uangalie. Gia ya mbele na ya nyuma ziwe kwenye mstari mmoja. Zikipishana, mnyororo utalia, utakula meno na mwisho utatoka. Unaweza kusogeza habu kwa kuhamisha washa kutoka upande mmoja wa ekseli hadi mwingine. Kisha kaza au legeza spoki ili ringi ikae katikati ya fremu.

6. Kata mnyororo upate urefu unaofaa. Ukiubonyeza katikati kwa kidole, ucheze kiasi cha nusu inchi juu na chini. Ukilegea mno utatoka. Ukikazwa mno utakula gololi.

7. Funga pedeli. Kumbuka, pedeli ya kushoto hufungwa kinyume cha ile ya kulia. Watu wengi wameharibu krenki kwa kutojua jambo hili.

TUHESABU MENO

Gia nyepesi au nzito? Jibu liko kwenye meno.

Hesabu meno ya gia ya mbele. Tuseme ni 44. Hesabu ya nyuma. Tuseme ni 22. Gawa 44 kwa 22, unapata 2. Maana yake, pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili.

Sasa pima gurudumu. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini. Sukuma baiskeli mpaka alama ya tairi iguse ardhi tena. Tairi la inchi 28 litakwenda kama mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli unakupeleka mita 4.4.

Ukifunga friwili ya meno 16, hesabu inabadilika. Gawa 44 kwa 16, unapata 2.75. Mara mita 2.2, ni kama mita 6. Unakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini miguu inafanya kazi kubwa zaidi.

Anayeishi penye tambarare na habebi mzigo atapenda meno 16 au 18. Anayepanda vilima na gunia atachagua meno 22. Asione haya kuchagua gia nyepesi. Magoti ni yake.

USICHOMELEE FRIWILI

Friwili ni kile kipande cha nyuma chenye meno, kinacholia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga. Ndani yake mna vikucha vidogo na springi zake. Ukikanyaga mbele, vikucha vinashika na gurudumu linavutwa. Ukiacha kukanyaga, vinateleza na miguu inapumzika.

Siku nyingine friwili inakataa. Unakanyaga, pedeli zinazunguka bure, baiskeli haiendi. Hapo hujitokeza mtu akasema, "Ichomelee tu, itafanya kazi." Ni kweli, baiskeli itakwenda. Lakini kuanzia siku hiyo pedeli hazitasimama kamwe wakati gurudumu linazunguka.

Fikiria mteremko. Baiskeli ikishuka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, inakwenda mita 500 kwa dakika. Gawa kwa mita 4.4. Pedeli zitazunguka mara 114 hivi kwa dakika moja. Ni karibu mara mbili kila sekunde! Miguu haiwahi. Mguu ukitoka, pedeli inapiga ugoko. Na nyuma kuna gunia linalosukuma.

Fikiria pia nguo. Kanga au suruali ikinaswa na mnyororo wa baiskeli ya kawaida, unaacha kukanyaga na mnyororo unasimama. Kwenye friwili iliyochomelewa, mnyororo unaendelea kuvuta nguo mpaka baiskeli isimame au mtu aanguke.

Wapo wanaosema, "Lakini baiskeli za namna hiyo zipo, na watu wanazipenda." Ni kweli. Baiskeli za kwanza za magurudumu mawili sawa zilikuwa hivyo. Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yake iitwayo Rover mwaka 1885 katika mji wa Coventry. Pedeli zake zilizunguka pamoja na gurudumu. Huko Japani, mashindano yaitwayo keirin yalianza mwaka 1948 katika mji wa Kokura. Waendeshaji wake hutumia baiskeli zisizo na friwili wala breki. Na katika miji mikubwa kama New York, wapeleka barua wengi wamezitumia.

Lakini tuangalie tofauti. Uwanja wa keirin ni laini. Hauna ng'ombe, mchanga wala watoto wanaovuka. Wote wanakwenda upande mmoja. Nje ya uwanja, sheria ya Japani inataka baiskeli iwe na breki mbele na nyuma.

Tena, habu zao zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Gia inakazwa, kisha inafungwa na ringi ya pili inayokazwa kinyume. Mtu akisukuma pedeli nyuma ili apunguze mwendo, ringi hiyo inazuia gia isifunguke. Friwili ya kuchomelea haina ringi hiyo. Ukisukuma pedeli nyuma kwa nguvu, inaweza kufunguka. Unadhani una breki, kumbe huna.

Tusichanganye na habu yenye breki ndani. Hiyo ni nzuri. Ukiacha kukanyaga, pedeli zinasimama. Ukikanyaga nyuma, breki inashika.

TUFANYE NINI BASI?

Kabla ya kutupa friwili, isafishe. Mara nyingi haijafa, ila vikucha vimegandishwa na vumbi na grisi ya zamani. Laza gurudumu. Tia mafuta ya taa kwenye mwanya wa friwili huku ukiizungusha. Rudia mpaka uchafu utoke. Iache ikauke, kisha tia matone machache ya mafuta mepesi, kama ya cherehani. Usitie grisi nzito, kwa sababu inagandisha vikucha. Ikilia tena tik-tik na ikashika, umeokoa fedha yako.

Isiposhika, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kumtibu mtu aliyevunjika mguu.

Pima pia mnyororo. Viungo 24 vya mnyororo mpya vina urefu wa inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mnyororo ukizidi inchi 12 na nusu ya nusu ya robo, yaani sehemu moja ya 16, ubadilishe. Mnyororo uliorefuka unakula meno ya gia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Breki ziwe mbili. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa sababu unaposimama uzito unakwenda mbele. Ishike polepole, pamoja na ya nyuma. Siku ya mvua ringi ya chuma inateleza, kwa hiyo anza kushika breki mapema. Kama unabeba mtoto, ziba spoki kwa ubao au wavu mgumu ili mguu wake usiingie.

BAISKELI YA KIKUNDI

Si kila mtu anaweza kununua baiskeli peke yake. Lakini huyu ana fremu, yule ana gurudumu, mwingine ana usukani. Wakikutana, baiskeli imepatikana. Wakiunda mbili au tatu, kikundi kimepata usafiri.

Kuunda pamoja ni rahisi. Kutumia pamoja ndiko kugumu. Tujifunze kwa wenzetu. Mwaka 1965 katika mji wa Amsterdam, Uholanzi, vijana walipaka baiskeli rangi nyeupe. Waliziacha barabarani bila kufuli ili kila mtu atumie. Nia yao ilikuwa njema. Lakini sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli, na polisi wakazichukua. Miaka 30 baadaye, mwaka 1995, mji wa Copenhagen, Denmark, ulijaribu njia nyingine. Mtu alitia sarafu kwenye kufuli, akachukua baiskeli. Akiirudisha, alipata sarafu yake.

Somo ni hili: kitu cha wote kinahitaji kufuli, daftari na mtu wa kukiangalia. Tunashauri hivi:

Kwanza, andikeni nani alileta kipande gani. Siku mtu akihama, pasiwe na ugomvi.

Pili, wekeni daftari. Anayechukua aandike jina, siku na saa. Anayerudisha aandike tena, na aseme kama kuna kilichoharibika. Hapa ndipo kujua kusoma na kuandika kunapotusaidia.

Tatu, changeni fedha za vipuri. Kwa mfano, watu 10 wakitoa shilingi 500 kila wiki, baada ya wiki 4 wana shilingi 20,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, mgonjwa na mama mjamzito wanaokwenda zahanati wapewe nafasi ya kwanza, hata kama si zamu yao.

Tano, chagueni mtu mmoja akague breki, mnyororo na nati kila wiki. Akisema baiskeli isitoke, isitoke. Hata mwenyekiti amtii.

Ndugu wananchi, vipande vya baiskeli vilivyolala nyuma ya nyumba zetu ni mali. Tuvikusanye. Tumwite fundi. Tuwashirikishe vijana wetu, wasichana na wavulana, nao wajifunze kushika spana. Tuunde baiskeli zitakazotupeleka shambani na kuturudisha nyumbani wazima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma ina meno 16. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara ngapi?

2. Kwa nini friwili iliyochomelewa ni hatari mteremkoni?

3. Je, kijijini kwenu kuna baiskeli ngapi mbovu ambazo vipande vyake bado vinafaa? Nani anaweza kuanza kuvikusanya?