Je, Wajua? Mguu Waweza Kuonya Kuhusu Kiharusi

Kigimbi kinabana kila ukipanda mlima, kisha kinatulia ukisimama dakika chache? Huenda ateri za mguu zimeanza kuziba kwa mafuta.

• Mafuta hayo hayaishii mguuni. Mara nyingi hujijenga pia kwenye ateri za shingo zinazopeleka damu kwenye ubongo. Bonge la damu likitokea hapo na kupanda juu, huleta kiharusi.

• Wengi wenye ugonjwa huu wa kuziba kwa ateri za mguu hawasikii maumivu yoyote.

• Ugonjwa huu hupimwa kwa mkanda wa presha, mkononi na kwenye kifundo cha mguu. Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono, jibu la 0.9 au chini ni dalili ya ugonjwa.

• Sigara na kisukari ni vichochezi vikubwa. Ukiacha sigara, unaukinga mguu na ubongo pia.