Ekografi yenye mapovu: namna ya kujua kama damu inafika ndani ya figo

Mama amezaa, lakini damu mingi imetoka. Wanganga wamepigana mpaka damu imesimama. Amewekewa serumu, amepewa damu, tansio imepanda tena. Familia inashukuru Mungu. Lakini kesho yake mfuko wa mukojo ungali mutupu, na kipimo cha damu kinaonyesha kreatinini imepanda sana. Mafigo yamesimama kazi.

Hapo njo kunaingia swali kubwa: mafigo yamechoka tu na yatarudi, ao sehemu yake imekufa? Kama yamechoka, mara nyingi yanarudilia kazi kisha siku ao wiki kadhaa, mgonjwa akitunzwa vizuri. Lakini kama ganda la inje la figo limekufa juu ya kukosa damu, mama anaweza kubakia kwenye dializi kwa muda murefu, hata maisha yote. Familia iko na haki ya kujua.

Ekografi ya kawaida, ile tunayozoea kuona kwa wamama wenye mimba, inasaidia sana. Inaonyesha ukubwa wa figo, mawe, na kama kuko kitu kinachofunga njia ya mukojo. Lakini figo iliyokosa damu inaweza kuonekana muzima kabisa siku za kwanza. Ni kama tuyo ya maji mu kartie: ukiiangalia kwa inje iko sawa, lakini hauwezi kujua kama maji inafika ku robine ya kila nyumba.

Kwa hiyo wataalamu wameleta mapovu. Ni mapovu madogo sana ya gazi, yenye kufunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Ukubwa wake unakaribia ule wa chembe nyekundu ya damu. Dawa moja ya namna hiyo, SonoVue, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2001. Munganga anapiga shindano ya mililita moja ao mbili hivi mu mushipa wa mukono, kisha anaangalia mashini. Mapovu yanatembea na damu na yanangaa ku ekra. Kisha sekunde chache, figo yenye kupata damu inangaa yote. Pale damu haifike, panabakia peusi. Kwa mama wetu, kama ganda la inje limekufa, ndani kutangaa lakini ukanda wa inje utabakia mweusi.

Njia hii inasaidia pia kuona jipu ndani ya figo, figo iliyopasuka kwa aksida, ao mushipa uliozibwa na damu yenye kuganda.

Juu ya nini wasitumie tu skaneri? Dawa ya iyodi wanayotia kwa skaneri inatoka mu mwili kwa njia ya mafigo, na wanganga wanaogopa kuongezea muzigo mafigo yenye kugonjwa. Mapovu hayapite mu mafigo kwa kutoka. Yanapasuka, na gazi inatoka na pumzi mu dakika chache. Tena hakuna miali, na mashini inaweza kuletwa mpaka ku kitanda cha mgonjwa.

Lakini si muujiza. Si kila mashini ya ekografi inaweza: inaomba programu ya pekee, dawa yenyewe na munganga aliyejifunza. Mara chache sana, dawa inaleta aleji kali. Na kwa sababu mapovu hayaingie mu mukojo, hayaonyeshe njia za mukojo.

Hata pale mapovu hayajafika, kuko jambo moja ambalo kila familia inaweza kufanya: kuangalia mukojo. Mutu mukubwa mwenye kukojoa chini ya mililita 400 kwa masaa 24, ni kusema hata chupa ya nusu litri haijae, ako mu hatari. Kisha kolera, malaria kali, kuzaa kwenye damu mingi, ao aksida, uliza munganga: «Amekojoa kiasi gani? Kreatinini imepimwa?» Na usimupatie ibuprofene, diklofenake ao dawa ya mizizi bila shauri. Mafigo hayapige kelele. Mukojo njo unasema kwa nafasi yake.