Kutoka Muhoroni hadi Kasri la Lord Egerton: panga safari ya chama bila kupoteza pesa njiani

Mwaka jana chama chetu hapa Muhoroni kilipoteza shilingi 8,000 kwa muda wa dakika mbili. Mwaka huu chama hichohicho, watu 14, kilienda mpaka Kasri la Lord Egerton kule Ngata karibu na Nakuru, kikazunguka vyumbani, kikala bustanini, kikarudi nyumbani na pesa kidogo zimebaki. Watu ni walewale na mweka hazina ni yuleyule. Kilichobadilika ni jinsi tunavyotumia simu.

Mimi ni katibu wa chama hicho. Nimeandika haya kwa ajili yako wewe uliye na kikundi cha kanisa, cha soko au cha wakulima wa miwa, na mmekuwa mkisema kila Desemba, "Mwaka ujao lazima twende mahali."

Zile 8,000 zilivyoenda

Tulikuwa tumeulizia matatu ya kukodi. Jioni moja mtu akampigia mweka hazina wetu, akajitambulisha kama msimamizi wa gari. Akasema kuna watu wa harusi wanataka gari hilo siku hiyohiyo, kwa hivyo tutume pesa za kushikilia sasa hivi. "Namba ya ofisi ina shida leo, mama, tumia hii yangu."

Simu ilimwonyesha mweka hazina jina la anayepokea. Lilikuwa jina la mwanamke, na aliyekuwa akiongea ni mwanamume. Akajiambia labda ni laini ya mke wake. Akabonyeza. Tulipompigia mwenye gari kesho yake, alikuwa hana habari yoyote.

Pesa ziliuma, lakini maneno yaliuma zaidi. Kuna waliosema wazi kwamba mama alikula na huyo mtu. Yeye alinyamaza, na malipo ya miwa yalipotoka akarudisha zile 8,000 kutoka mfukoni mwake. Kisha akaleta daftari, akaliweka mezani, akasema, "Tafuteni mwingine."

Dana wetu, aliye mkubwa kuliko sisi sote, ndiye aliyelisukuma daftari likarudi kwake. "Nyathina," akamwambia, "mwizi alikupata uko peke yako. Hilo ni kosa letu sote." Hapo ndipo safari ya mwaka huu ilipoanzia.

Kwa nini kasri hili

Tulitaka mahali pa kwenda na kurudi siku moja, pa historia, penye kivuli cha kukalia. Fort Jesus ni pazuri, lakini kutoka huku kwetu Mombasa si safari ya siku moja. Kasri la Lord Egerton liko Ngata, kiasi cha kilomita 14 kutoka mjini Nakuru, na ukitokea upande wa Muhoroni unalifikia kabla hujaingia mjini.

Aliyelijenga ni Maurice Egerton, lodi wa nne wa Tatton, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini mwao kupata leseni ya kurusha ndege. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na Vita Vikuu vya Pili, ukakamilika mwaka 1954. Nyumba ina vyumba 52, na ukumbi wa dansi ambamo aliweka kinanda kikubwa cha mabomba. Mwenyewe aliishi humo miaka michache tu, akafariki mwaka 1958. Hakuoa wala hakuacha mtoto.

Simulizi inayojulikana ni hii: Egerton alimpenda mwanamke fulani, akamwonyesha nyumba yake ya kwanza, na mwanamke akasema ni kama banda la kuku. Lodi akaamua kumjengea kasri. Mwanamke hakurudi. Tangu hapo, inasemekana, akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga uwanja wake. Ukweli wa kila kipande cha simulizi hiyo tuwaachie wanahistoria. Ila leo bustani hizo ni mahali maarufu pa kufungia harusi, na msichana wa Form Two anaweza kuingia kwa mlango wa mbele.

Jina lake utalikuta pia Njoro, hapo jirani. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, na chuo hicho ndicho chenye kasri leo.

Kwanza: piga hesabu kabla ya kuchanga

Vyama vingi huanza kuchanga kisha ndiyo vinauliza bei. Sisi tuligeuza. Tulipiga simu kwanza, tukauliza bei ya gari kutoka kwa watu watatu, tukauliza kiingilio cha kasri na kama watoto wana bei yao, tukauliza kama chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa bustanini. Bei hubadilika, kwa hivyo uliza tena wiki ya safari.

Hesabu yetu ilikaa hivi:

- Gari na dereva, kwenda na kurudi: shilingi 15,000
- Chakula na maji: 5,600
- Tuliyotenga kwa kiingilio na mambo ya hapo: 4,200
- Dharura na ada za kutuma pesa: 3,200

Jumla 28,000. Gawa kwa watu 14, kila mtu 2,000. Kwa wiki kumi, hiyo ni 200 kwa wiki. Mtu anayeuza omena sokoni anaweza kutoa 200 kila wiki. Ukimwambia alete 2,000 siku moja, utamfukuza.

Usisahau ada za kutuma na kutoa. Michango midogo midogo ya watu wengi, ukiitoa na kuituma kila mara, inaliwa kidogo kidogo kama sukari iliyoachwa wazi.

Pili: pesa ya chama isilale kwenye laini ya mtu

Mwaka jana michango ilikuwa ikiingia kwenye laini ya kawaida ya mweka hazina, pamoja na pesa zake za nyumbani. Hilo lina hatari tatu. Anaweza kuzitumia bila kujua, maana salio ni moja. Simu ikipotea, chama kizima kimepotea. Na kama laini ina deni la Fuliza, mchango wako ukiingia tu unakatwa kulipa deni ambalo si lako.

Mwaka huu tulitumia namba ya chama chenyewe, yenye jina la chama. Kila anayelipa anaona jina hilo kwenye meseji yake. Kama chama chenu bado hakijasajiliwa, angalau tafuteni laini ya pembeni isiyotumiwa kwa kitu kingine na isiyo na deni. Kila Jumapili jioni mweka hazina alituma orodha kwenye kundi la WhatsApp: nani amelipa, nani bado, salio ni ngapi. Aliye na kabambe isiyo na WhatsApp alisomewa mkutanoni.

Tatu: jina kwenye simu si pambo

Hapa ndipo 8,000 zetu zilipopotelea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Unapotuma pesa au kulipa kwa Paybill au Till, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Wengi wetu tunaliruka kama tunavyoruka matangazo ya redio. Jina hilo ndilo nafasi yako ya mwisho ya kusimama. Tulikubaliana sheria moja rahisi: jina lisipolingana na tunayemlipa, hakuna kubonyeza. Hakuna cha "labda ni ya mkewe." Kata simu, tafuta namba uliyopewa mwanzo, umpigie mwenyewe.

Sheria ya pili: malipo yoyote ya zaidi ya shilingi 1,000 yanafanywa watu watatu wakiwa pamoja, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mmoja anaingiza namba, wa pili anasoma jina kwa sauti, wa tatu anaandika daftarini. PIN inabaki siri ya mwenye laini. Wengine tunageuza uso. Tapeli anataka uwe peke yako na uwe na haraka. Ukiwa na wenzako wawili kando, haraka yake inaisha nguvu.

Na ikitokea umetuma kimakosa? Usimpigie uliyemtumia ukaanza kubishana naye. Kwa M-Pesa, peleka ile meseji nzima ya muamala kwa 456 mara moja. Kila dakika ina maana, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Sisi mwaka jana tulikaa mpaka asubuhi tukilaumiana. Asubuhi ilikuwa too late, kama vijana wanavyosema.

Nne: usimlipe mwenye gari pesa zote mwanzoni

Tulimlipa kwa vipande vitatu: 5,000 za kushikilia gari, 5,000 asubuhi ya safari gari likiwa limefika na tairi tumezitazama, na 5,000 tuliporudi Muhoroni salama. Mwenye gari mwaminifu hana shida na mpango huo. Wa kwetu alicheka tu akasema, "Nyinyi mmeshawahi kuumwa na nyoka."

Meseji za malipo usizifute. Ukibishana na mtu kuhusu alicholipwa, ile namba ya muamala inamaliza maneno.

Siku yenyewe

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, harufu ya molasi bado nzito hewani. Barabara inapanda Fort Ternan, mahali ambapo mwaka 1961 Louis Leakey alipata mabaki ya kale ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi kiasi cha miaka milioni 14 iliyopita. Tunapita hapo kila siku na hatujui. Kisha Kipkelion, Londiani, Mau Summit, halafu mteremko wa kwenda Salgaa. Beba sweta. Sisi watu wa joto la Nyando tulifika Londiani tukitetemeka, na aliyecheka sweta ya Dana asubuhi ndiye aliyeiazima.

Kama mnaenda kwa matatu za kawaida badala ya kukodi, mwambieni konda mapema kwamba mnashuka Ngata, la sivyo mtajikuta mjini Nakuru mkilipa nauli ya kurudi nyuma. Kutoka barabara kuu kuna bodaboda. Pateni bei kabla ya kupanda.

Weka simu chaji usiku, na beba taslimu kidogo. Mtandao huweza kukwama mahali popote, na betri ikiisha hata uwe na salio la lodi huwezi kununua maji. Tulibeba 2,000 za noti ndogo ndogo, zimegawanywa kwa watu wawili.

Langoni, kabla ya kulipa, uliza wahudumu wenyewe namba rasmi ya malipo. Usitumie namba uliyotumiwa na mtu mtandaoni. Mweka hazina wetu aliingiza namba, akasimama, akasoma jina kwa sauti ya juu kama anasoma kanisani. Mwenyekiti akasema, "Ndilo." Mimi nikaandika. Watu waliokuwa nyuma yetu walitutazama, lakini hatukujali.

Ndani, tenga angalau saa mbili. Panda ngazi polepole, tazama mbao za kutani, simama kwenye ule ukumbi wa dansi uwaze mtu mmoja akiishi katika vyumba 52. Dana alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza ni nani waliobeba mawe yote haya. Hatukuwa na jibu la majina. Baadaye tulikula bustanini chini ya miti, chapati na kuku wa kutoka nyumbani.

Tuliondoka saa tisa. Usiendeshe usiku upande wa Salgaa kama unaweza kuepuka. Malori ni mengi na sehemu ile ina historia mbaya ya ajali. Tulifika Muhoroni saa moja jioni, tukamlipa mwenye gari 5,000 za mwisho, watatu tukiwa pamoja.

Ya kubandika kwenye kundi lenu

1. Uliza bei kwanza, changa baadaye.
2. Pesa ya chama ikae kwenye namba ya chama.
3. Soma jina la anayepokea kwa sauti. Lisipolingana, acha.
4. Malipo makubwa, watu watatu. PIN, mtu mmoja.
5. Lipa gari kwa vipande.
6. Ukikosea, peleka meseji kwa 456 papo hapo.
7. Simu chaji, taslimu kidogo, sweta.

Katika mkutano uliofuata, mweka hazina alisoma hesabu: zilibaki shilingi 1,150. Akauliza tuzigawe au zianzishe safari ijayo. Wale waliomsema mwaka jana ndio waliokuwa wa kwanza kusema zibaki, na zibaki kwake.

Dana ameshachagua pa kwenda: Thimlich Ohinga, Migori. Anasema ametazama nyumba ya Mzungu ya kutosha, sasa anataka kuona kuta za mawe walizojenga wazee wetu. Mchango unaanza Jumapili, 200.