Ushuhuda wa kambini uliotufuata hadi nyumbani

MAMA alitoa amri moja tu, naye si mtu wa kurudia maneno. Ama twende kambini sote watatu, ama asiende mtu.

Kambi yenyewe ilikuwa ya vijana wa kanisa letu, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri, huko Limuru. Ada ilikuwa Sh3,500 kwa kila kichwa. Kitinda mimba wetu, msichana wa Kidato cha Tatu, ndiye pekee aliyekuwa na hamu. Kakangu anayenifuata, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20, alisema heri abaki afue nguo. Mimi umri wa kambi nilikuwa nimeupita kitambo, kwa hivyo niliandikishwa kama mlezi wa kulala katika bweni la wasichana.

Sababu ya amri ya mama haikuwa siri kwa mtu yeyote nyumbani. Tangu Februari 2024 mimi na kakangu hatukuwa tukizungumza. Alinipita sebuleni kana kwamba mimi ni kabati, nami nikampita kana kwamba yeye ni kiti. Mwezi huo nilikuwa nimekopa Sh28,000 kutoka kwa chama chetu cha ushirika kazini, nikamtumia ziwe karo yake katika chuo cha ufundi. Siku tatu baadaye akarudi nyumbani usiku, macho mekundu, na habari kwamba alizitoa zote kwa simu ili akazilipe benki, akavamiwa na vijana wanne pale stejini. Mama alilia, kisha akaomba. Mimi sikulia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeona mwanga wa simu yake usiku wa manane, nami najua mtu anayetazama matokeo ya kandanda huku ameweka beti anavyopumua.

Nilimwambia neno baya siku hiyo, mbele ya mama, mezani. Nitalitaja baadaye.

Wazazi wengi wanazijua kambi hizi. Kila likizo ikifika, makanisa ya mjini huwapakia vijana wao kwenye mabasi na kuwapeleka mahali penye baridi au penye bahari. Kuna waendao Limuru, kuna waendao Naivasha, na kuna wanaoshuka hadi Kanamai, kule Kilifi, kwenye kituo cha Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK. Wakatoliki huita mafungo, na kwao ukimya ni sehemu ya shughuli. Hizi zetu za Kiprotestanti hazijui ukimya. Kuna ngoma, kuna kinanda, na kuna yule kijana mmoja ambaye akikabidhiwa kipaza sauti haachi mpaka kizimwe.

Tuliondoka Nairobi katikati ya Agosti 2024, tukapita Ruaka na Banana, na jua lilipokuwa likitua tukaanza kuona mashamba ya chai ya Tigoni. Huku Limuru ndiko chai ilikopandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1903, na ukitazama jinsi ilivyofunika vilima utadhani haikuwahi kuwa ngeni. Katika basi dadangu mdogo aliketi katikati yetu kama mpaka wa nchi mbili zilizonuniana. Alikula njugu zake, akatugawia sawasawa, hakusema kitu.

Tulipofika, simu zote zilikusanywa katika ndoo ya plastiki na kufungiwa ofisini. Nilimtazama kakangu akiiweka yake. Aliizima, akaiwasha, akaizima tena.

Baridi ya Limuru mwezi wa Agosti si ya mchezo. Mahali pale ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mwenye kumpakia mtoto blanketi moja tu amemtuma aadhibiwe. Usiku wa kwanza niliamka mara tatu kuwafunika wasichana wa watu.

Jumamosi ilianza kwa maombi saa kumi na moja alfajiri, kisha uji, kisha mafunzo. Mhubiri aliyetufundisha alikuwa mtu mzuri na msemaji hodari, lakini dhambi alizozikemea zilikuwa za ujana wake mwenyewe: pombe, disko, sketi fupi na barua za mapenzi. Saa nzima ikapita bila mtu kutaja kamari, ilhali nusu ya wavulana waliokuwa mbele yake hawakuhitaji kuondoka kitandani ili kucheza. Ikiwa kuna lawama nitawatupia viongozi wa kambi kwa jumla, basi ni hiyo. Wanalinda mlango wa mbele kwa rungu huku mwizi yumo mfukoni mwa mtoto.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa uwanjani tukicheza voliboli. Hiyo ndiyo wikendi ligi ya Uingereza ilipofunguliwa, na saa hiyo ndipo mechi nyingi za Jumamosi huanza kwa saa zetu. Kakangu aliacha mpira umpite. Alikuwa akimwuliza kila mwenye saa mkononi ni saa ngapi, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa mfuko mtupu. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi.

Usiku tuliwasha moto, vijana wapatao mia moja tukauzunguka, zikaanza shuhuda. Msichana mmoja alitubu kwamba aliiba katika mtihani. Mvulana mwingine alitubu bangi. Kisha kakangu akasimama, bila kusukumwa na mtu. Alisema kwamba amekuwa mtumwa wa kamari kwa mwaka mzima, kwamba amepoteza “pesa zake za matumizi” zote, na kwamba tangu usiku ule ameacha. Sauti yake ilitetemeka, na sidhani alikuwa akiigiza. Watu walipiga makofi na vigelegele, mhubiri akamkumbatia, kinanda kikaanza.

Mimi nilipiga makofi pia, maanake watu walikuwa wakinitazama. Dadangu mdogo hakupiga. Mikono yake ilikaa mapajani kama ya mtu anayesubiri daktari.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu shuhuda hizi, kwa sababu nyanya yetu alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho na habari zake tulilishwa pamoja na ugali. Desturi ya kuungama hadharani katika makanisa mengi ya Kiprotestanti huku kwetu ilienezwa na uamsho wa Afrika Mashariki. Mnamo 1929, Simeoni Nsibambi wa Buganda alikutana mjini Kampala na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Kutokana na urafiki wa wawili hao, moto ukawaka. Mmoja wa waliouchochea zaidi huko Gahini alikuwa Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi wa damu, aliyefariki mwaka wa 1936 akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata, 1937, kikundi cha wahubiri wa uamsho kilifika Kabete.

Ndugu hao waliita maisha yao kutembea nuruni. Lakini nyanya alisisitiza jambo moja ambalo vijana wa siku hizi tumelisahau: kuungama kwao hakukuishia kwenye makofi. Aliyeiba alirudisha. Aliyedaiwa alilipa. Kama ulimkosea mkeo, ulisema jina la mkeo, naye ameketi pale. Nyanya alikuwa akicheka akisema kwamba ndugu hawakuridhika na dhambi isiyo na mwenyewe.

Usiku ule, taa zikiwa zimezimwa, sauti ndogo ilitoka kitanda cha juu.

“Dada, umelala?”

“Bado.”

“Hakusema pesa ni za nani.”

“Nimesikia.”

“Na wale wezi wa stejini?”

Nilimwambia alale. Akanyamaza kidogo, nikadhani ametii.

“Hata wewe jana ulisimama uombewe uvumilivu. Hukusema ulimwambia nini siku ile.”

Basi hilo ndilo neno nililoahidi kulitaja. Baba yetu alifariki mwaka wa 2019. Siku ile ya Februari nilimwambia kakangu kwamba heri baba alikufa kabla ya kumwona amekuwa mtu wa namna hiyo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Ijumaa usiku, nilipoinua mkono kuombewa, nilisema tu kwamba nina “hasira kidogo nyumbani”. Nami nilipigiwa makofi.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya uji, msichana huyo wa miaka 16 alitutoa nje sote wawili kwa hila. Kila mmoja alimwambia kwamba mwenzake hajisikii vizuri. Tulijikuta ukingoni mwa shamba la chai, ukungu umetanda, vikombe vya chai mikononi.

“Sema pesa zilikuwa za nani,” alimwambia kakake.

Kakangu alikasirika. “Ulitaka niwaambie watu mia moja kwamba nilimwibia dadangu?”

“Hao watu mia moja hazikuwa pesa zao,” akajibu. “Mwambie huyu.”

Alichukua muda mrefu. Hatimaye akasema, akitazama majani ya chai badala ya kunitazama mimi. Januari aliweka Sh2,000 akashinda Sh9,000, na tangu siku hiyo hakulala sawasawa. Zile Sh28,000 zilikwisha kwa siku tatu. Siku ya kwanza alipoteza Sh6,000, mbili zilizofuata alikuwa akizitafuta hizo. Wezi hawakuwako. Macho mekundu yalikuwa ya kulia nyuma ya kibanda cha kunyoa.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilipata zamu yangu. Nilimwomba msamaha kwa neno la baba, na kulisema upya palepale kulikuwa kugumu kuliko kulisema mara ya kwanza. Alisema kila alipoketi kwenye ile meza alikuwa akilisikia, ndiyo maana alianza kulia chakula chumbani. Mimi nilidhani ni kiburi.

Hatukukumbatiana. Dadangu alisema uji utapoa, tukarudi.

Sisemi kila familia iwapeleke watoto wake pamoja. Kiongozi mmoja wa kambi aliniambia kwamba kwa kawaida wao huwatenganisha ndugu katika vikundi tofauti ili kila mmoja awe huru, na nina ushahidi kwamba ana haki. Katika bweni langu kulikuwa na msichana aliyenieleza faraghani mambo ya kakake mkubwa ambayo asingeyasema hata kwa mtutu wa bunduki kama angekuwapo. Tulimtafutia mtu mzima wa kumsaidia, na kambi ilikuwa mahali pa kwanza ambapo aliweza kusema. Kwa mtoto kama huyo, wikendi mbali na ndugu ni dawa. Mzazi mwenye busara ataulize mtoto mwenyewe, tena peke yake, kabla ya kulipa ada. Aidha, na aulize nani analala bwenini na watoto na kama wasichana wana walezi wao wa kike. Asione haya.

Jumapili jioni tulifika nyumbani tukanuka moshi. Mama alikuwa ametengeneza chapati. Kakangu hakungoja tule. Alisimama kando ya jokofu na kusema yote, pamoja na kibanda cha kunyoa.

Mama alimsikiliza huku akigeuza chapati.

“Nilijua,” alisema. “Wezi gani wa stejini wachukue pesa zote wakuachie simu?”

Alikuwa amejua tangu siku ile ya kwanza, miezi sita nzima. Nilimwuliza baadaye kwa nini alinyamaza. Alisema yeye angeweza kumlazimisha aseme, lakini asingeweza kumlazimisha alipe.

Kakangu alifuta ule mchezo kwenye simu, na sitawadanganya, Oktoba aliurudia kwa wiki moja kabla ya kutuambia mwenyewe. Alipata kibarua cha kuosha magari. Tangu Septemba, kila Ijumaa jioni simu yangu ilikuwa ikilia, Sh500 zimeingia. Ijumaa tatu zilipita kimya. Kufikia Krismasi alikuwa amelipa Sh6,500. Nilianza kuziandika nyuma ya daftari la ushirika, chini ya deni lenyewe, kwa kalamu ya rangi tofauti.

Mwezi huo wa Desemba dadangu mdogo alileta fomu ya kambi nyingine. Alikuwa amejaza majina matatu kabla ya kumwuliza mtu yeyote.