UDONGO NDANI YA NAILONI

Kila mtu ajua kwamba nyumba ya miti hukandikwa udongo ipate nguvu. Lakini ukimwambia mtu kwamba hata plastiki huweza kutiwa udongo ikazidi nguvu, huenda akadhani unamfanyia mzaha. Nataka kueleza kwa ufupi jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini haitoshi kuvikoroga pamoja tu.

Udongo utumikao sana huitwa montimoriloniti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon, Ufaransa. Umefanyika kwa matabaka mengi yaliyolaliana kama kurasa za kitabu, na kila ukurasa una unene wa kiasi cha nanomita 1. Milimita 1 ina nanomita 1,000,000; basi kurasa milioni moja zikibanwa pamoja hazizidi sana kimo cha milimita 1. Kwa wembamba huo, gramu 10 tu za udongo huu, ukihesabu nyuso mbili za kila ukurasa, zina eneo la kiasi cha mita za mraba 7,000, yaani karibu sawa na uwanja wa mpira.

Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye taabu. Faida ni kwamba udongo kidogo waweza kushikana na plastiki nyingi. Taabu ni kwamba kurasa zimeshikamana, na kati yake mna ioni za sodiamu zipendazo maji. Plastiki nyingi ni jamaa ya mafuta, na mafuta na maji hayapatani. Ukichanganya vivi hivi, udongo hubaki mabonge mabonge, na kila bonge huwa mahali pa kuanzia ufa. Hapo utakuwa umeiharibu plastiki, hukuiimarisha.

Dawa yake ni kuubadili udongo kwanza. Hutiwa katika maji ya moto na kukorogwa mpaka uvimbe. Kisha huongezwa chumvi ya jamii ya amonia ambayo ioni yake ina mkia mrefu wa kaboni. Ioni hizo huingia kati ya kurasa na kuzitoa zile za sodiamu. Jambo hili si geni kwetu: ni sawa na kulainisha maji magumu, ambapo kalsiamu hushika nafasi ya sodiamu. Mikia ile huzisukuma kurasa ziachane kidogo, tena huufanya udongo upatane na plastiki. Baadaye udongo huchujwa na kuoshwa mara nyingi. Ikiwa chumvi ilikuwa kloraidi, maji ya kuoshea hujaribiwa kwa silva naitreti. Yakifanya mashapo meupe, kuosha hakujakwisha. Mwisho hukaushwa na kusagwa.

Ziko njia tatu za kuutia katika plastiki. Ya kwanza, udongo huchanganywa na malighafi kabla molekuli zake hazijaungana kuwa minyororo. Minyororo huota katikati ya kurasa na kuzitenganisha. Ya pili, plastiki huyeyushwa katika kiyeyushi, udongo hutiwa, kisha kiyeyushi huvukizwa. Ya tatu, plastiki huyeyushwa kwa moto na kukandwa pamoja na udongo katika mashine yenye parafujo. Hii haihitaji kiyeyushi, lakini moto uangaliwe, maana ile mikia huanza kuvunjika kwenye kiasi cha digrii 200.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Toyota huko Japani walitumia njia ya kwanza kutengeneza nailoni yenye udongo kiasi cha sehemu 4 tu katika 100. Nguvu yake ya kuvutwa ilizidi ile ya nailoni tupu kwa zaidi ya nusu, na ugumu wake ulikaribia kuwa mara mbili. Nailoni tupu ilianza kupinda chini ya mzigo kwenye digrii 65. Hii mpya ilistahimili hata zaidi ya digrii 140. Ndiyo maana ilitumiwa kutengeneza kifuniko cha mkanda wa injini ya motokaa. Wahenga walisema, wingi si hoja: udongo kidogo uliofunguliwa ukurasa kwa ukurasa hufaa kuliko kikapu kizima cha mabonge.

Hata hivyo tusisifu kupita kiasi. Nailoni hiyo hainyumbuki sana kama ile tupu, na ikitupwa ovyo haiozi, sawa na plastiki nyingine.

Wako wenzetu wasemao kwamba kubadilishana kwa ioni ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Natumaini kwamba baada ya kusoma haya, wataliangalia tena daftari lao la kemia, na udongo wanaoukanyaga pia.